Shanga za Venice kwenye kibuyu cha Kaptagat: Sanaa iliyochanganyika ni ya nani?

KILA mwanariadha mashuhuri anapotua katika uwanja wa ndege wa Eldoret akiwa na medali shingoni, kuna jambo ambalo aghalabu hutangulia hotuba za viongozi. Mama mmoja husogea mbele, shada la mmea wa sinendet likavishwa shingoni mwa mshindi, kisha akanyweshwa mursik kutoka kwenye kibuyu. Kamera zote huelekezwa usoni mwa mwanariadha. Ni wachache mno wanaokitazama kibuyu.

Ilhali kibuyu hicho, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, nacho kina safari yake. Simbi zilizoshonwa kwenye kifuniko chake ni makombe ya konokono wa Bahari ya Hindi. Shanga za kioo zinazozunguka mkanda wake ni za ukoo mmoja na zile zilizoyeyushwa kwa karne nyingi katika matanuri ya Venice, nchini Italia, na baadaye katika viwanda vya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Ngozi ni ya mfugo wa nyumbani na kibuyu ni tunda la shambani.

Katika Kaptagat, eneo la baridi lililo karibu na Eldoret kwenye ukingo wa uwanda wa juu, mwinuko wa takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, chombo hiki hakihitaji kuelezwa. Ulimwengu unalijua jina la Kaptagat kwa sababu ya kambi ambako Eliud Kipchoge alijifua kabla ya kukimbia kilomita 42 kwa chini ya saa mbili mjini Vienna, Oktoba 12, 2019. Wenyeji wanalijua kama mahali pa misitu, ng'ombe na maziwa.

Lakini sotet imekuwa ikisukumwa kando na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wapenda asili, wanaosema kuwa shanga zililetwa na wageni, na kwa hiyo kibuyu chenye shanga nyingi si cha kimila hasa. Wa pili ni wale wanaotenganisha sanaa na vyombo: kwao, kibuyu cha maziwa kitabaki kuwa kibuyu cha maziwa hata kikipambwa namna gani. Wote wawili hufikia hukumu moja, kwamba kazi iliyochanganya mambo ya kwao na ya kigeni ni kazi pungufu.

Hukumu hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuanzia Afrika. Ilianzia Uingereza, na waliohukumiwa kwanza walikuwa mababu wa Waingereza wenyewe.

Chombo chenyewe

Sotet huanza kama tunda la mmumunye, mmea utambaao unaopenda joto na ambao hustawi vyema zaidi chini ya ukingo, upande wa bonde la Kerio, kuliko kwenye baridi ya Kaptagat. Tunda likikomaa hukaushwa, likatobolewa mdomo, mbegu na nyama ya ndani zikaondolewa, kisha likaoshwa mara nyingi hadi uchungu uishe.

Hapo ndipo kazi ya makaa huanza. Vijiti vya senetwet, kichaka chenye maua ya manjano, huchomwa na makaa yake yakasagwa ndani ya kibuyu kwa sosiot, kijiti kitokanacho na mti wa jamii ya mitende ambacho ncha yake imepondwa ikawa nyuzi kama brashi. Unga wa makaa hushika ukuta wa ndani. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa humiminwa humo na kuachwa siku kadhaa yagande. Yakitoka huwa na ile rangi ya samawati iliyofifia pamoja na harufu ya moshi ambayo mtu aliyekulia nyumba hiyo huitambua kabla hajaona chochote.

Upande wa nje una kazi yake nyingine. Kifuniko na mkanda wa kubebea hutengenezwa kwa ngozi, na juu ya ngozi hiyo hushonwa simbi na shanga, safu kwa safu, rangi moja ikikatwa na nyingine. Kazi hii ni ya wanawake, na huonekana hasa siku za koito, mahari inapozungumzwa. (Wauzaji wa vinyago kwa watalii huwa na orodha tayari inayoeleza maana ya kila rangi. Orodha hizo hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine, na si vizuri kuziamini sana.)

Tazama basi kilicho cha mbali na kilicho cha karibu. Kioo na simbi vimetoka mbali. Umbo la chombo, mahali pa kupamba na mahali pa kuachwa wazi, mpangilio wa safu, kazi ya chombo na siku ya kukitoa vyote ni vya nyumbani. Mgeni ameleta malighafi, naye mwenyeji akaipa sarufi.

Mnunuzi ndiye aliyeamua

Shanga ndogo za Venice zilitengenezwa kwa njia ya ajabu. Fundi alipuliza tonge la kioo kilichoyeyuka likawa na uwazi katikati, kisha wafanyakazi wawili wakalishika kila mmoja upande wake na kukimbia kuelekea pande tofauti. Kioo kilivutika kikawa mrija mwembamba wenye urefu wa makumi ya mita, ambao ulikatwakatwa vipande vidogo na kulainishwa kwa moto. Huenda wakimbiaji wa Kaptagat wangeipenda habari hii.

Shanga zilifika Zanzibar na Mombasa kwa meli, kisha zikaingia bara mabegani mwa wapagazi. Ni rahisi kudhani kwamba wenyeji wa bara walipokea chochote walichopewa. Kumbukumbu za wasafiri zinasema kinyume kabisa.

Richard Burton, Mwingereza aliyeanza safari yake ya bara mwaka wa 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilizouzwa zilikaribia 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi yake ilikopendwa. Nyekundu ya samesame ilikuwa na majina ya utani: moja lilimaanisha kitu kinachomaliza chakula, kwa vile mtu angetoa hata mlo wake aipate, na jingine lilimaanisha mvunja mji, eti kwa jinsi wanawake walivyoipapia. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo wa bure. Kilichouzwa kwa hamu katika kijiji kimoja kingeweza kukataliwa katika kijiji cha pili.

Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alilijua hilo mwaka wa 1883. Alipofika Taveta aliambiwa kwamba Wamaasai hawangepokea shanga zake jinsi zilivyokuwa. Ilibidi zitungwe upya kwa urefu uliozoeleka. Msafara mzima ukaketi kutunga shanga. Mwishoni mwa mwaka huo Thomson alitoka Baringo, akavuka milima ya Tugen na bonde la Kerio, akapanda ukingo wa Elgeyo na kuingia uwanda wa Uasin Gishu, akielekea Ziwa Viktoria. Mzungu huyo alifika Keiyo na shanga zake zikiwa tayari zimepangwa kwa amri ya ladha ya Kiafrika.

Baadaye njia zilibadilika. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu kutoka kusini mwa Afrika uliingia Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe, na ardhi yenye rutuba ya uwanda ikawa mashamba ya walowezi. Reli ilifika Eldoret mwaka wa 1924. Shanga hazikuja tena kichwani mwa mpagazi bali kwa behewa, zikauzwa katika maduka ya Wahindi kando ya sukari na mafuta ya taa. Sheria ya ladha haikubadilika: mwenye duka aliagiza rangi ambazo wateja wake wangenunua.

Pwani ya Kenya na Tanzania ina mfano wa zamani zaidi wa jambo hilo hilo. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, kuna makaburi yenye nguzo ambayo mafundi wake walipachika bakuli za kaure kutoka China. Bakuli lililotengenezwa ili mtu alie wali likawekwa kwenye kaburi la Mwislamu likumbushe heshima ya marehemu. Hakuna Mchina aliyemfundisha fundi wa Mambrui kufanya hivyo.

Hata hivyo, kwa miongo mingi waandishi wa kikoloni waliyatazama magofu ya pwani na kuyaita kazi ya Waarabu na Waajemi. Ilihitaji uchimbaji kama ule wa miaka ya 1980 katika kisiwa cha Pate, kwenye mji wa kale ambao, kama kwa makusudi, unaitwa Shanga, kuonyesha kwamba misikiti ya mawe ilijengwa juu ya mingine ya awali ya miti na udongo, ndani ya mji wa Kiafrika ulioanza karne ya nane.

Oktoba na Novemba 1905

Kwa nini waandishi wale waliona kazi ya mgeni tu kila walipotazama? Sababu moja ni elimu yao. Wengi wa maafisa waliotumwa kutawala Afrika Mashariki walilelewa kwa Kilatini na historia ya Roma, na waliiona dola yao kama mrithi wa ile ya Warumi. Waliamini kwamba dola hutoa ustaarabu na jimbo hupokea.

Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza upinzani wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliosemekana kuwa wa amani. Mwezi uliofuata, huko London, msomi wa Oxford aitwaye Francis Haverfield alisoma mbele ya Akademia ya Uingereza mhadhara juu ya namna Uingereza ya kale ilivyofanywa kuwa ya Kirumi. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja. Yalitokea tu katika dola moja, majira yaleyale, na moja linasaidia kulielewa jingine.

Haverfield alikuwa mtafiti makini, na alichokisema kilikuwa na ushahidi. Warumi waliivamia Uingereza mwaka wa 43 baada ya Kristo chini ya Mfalme Klaudio, na utawala wao ulidumu hadi karibu mwaka wa 410. Katika kipindi hicho, alieleza, wenyeji walichukua lugha, nyumba, vyombo na sanaa ya Roma, na sanaa yao wenyewe ikafifia. Kilichobaki cha kienyeji kilionekana kama masalia yanayojitokeza hapa na pale.

Sanaa hiyo iliyodhaniwa kufifia ilikuwa ya watu ambao leo wanaitwa Wakelti. Jina hilo ni la wasomi kuliko la wenyeji. Makabila ya Uingereza ya kale hayakujiita hivyo. (Msomaji wa Bonde la Ufa hatashangaa sana, kwa kuwa hata jina Kalenjin, kama jina la pamoja la Wanandi, Wakeiyo, Wakipsigis na ndugu zao, lilienea katika miaka ya 1940 tu.) Mafundi wao walipenda mistari inayojipinda na kujikunja bila kuonyesha inapoanzia wala inapoishia. Kioo cha shaba kilichopatikana Desborough mwaka wa 1908 kimejaa mizunguko ya namna hiyo mgongoni. Ukikitazama sana unaanza kuona macho na nyuso, kisha zinapotea.

Sanaa ya Kigiriki na Kirumi ilitaka kinyume chake. Mwili wa binadamu upimwe sawasawa, mungu atambulike kwa silaha aliyoshika, hadithi isomeke ukutani.

Uso wenye masharubu

Mitindo hiyo miwili ilikutana mahali paitwapo Bath, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako maji ya moto ya nyuzi 46 hutoka ardhini mchana na usiku. Wenyeji walimwabudu hapo mungu wa kike aliyeitwa Sulis. Warumi walipofika hawakumfukuza, bali walimuunganisha na Minerva wao, na katika karne ya kwanza hekalu la mtindo wa Kirumi likajengwa kwa ajili ya Sulis Minerva.

Mwaka wa 1790, wajenzi wakichimba msingi wa jengo jipya, walikuta mawe ya ule ukuta wa pembetatu uliokuwa juu ya nguzo za mbele za hekalu. Katikati yake, ndani ya ngao inayoinuliwa na miungu wa ushindi wenye mabawa, kuna uso mkubwa wa duara.

Kwa desturi, ngao ya Minerva hubeba kichwa cha Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Uso wa Bath una nyoka na mabawa. Lakini ni wa mwanamume. Ana masharubu mazito, paji lenye mikunjo na macho yanayokodoa, na nywele na ndevu zake zinatambaa kila upande kama mizizi au miali ya jua. Wasomi wamebishana kwa zaidi ya karne mbili. Wengine wanamwona Medusa aliyebadilishwa, wengine mungu wa maji, wengine jua. Inawezekana mchongaji hakuona sababu ya kuchagua mmoja.

Mtu aliyezoea sanamu za Roma anaweza kusema hapa fundi alikosea. Kuna ugumu mmoja katika kauli hiyo: mkono uliochonga mistari ile haukuwa mkono wa mtu asiyejua kazi. Aliyekusudia kumwiga Medusa na kushindwa hangefika kwenye masharubu.

Hata hivyo maoni ya kwamba sanaa ya jimbo hilo ilikuwa mbovu yaliendelea. Mwaka wa 1936 mwanafalsafa na mwanahistoria R. G. Collingwood aliieleza kwa maneno ya kuchukiza, akiiona imejaa ubaya karibu kila mahali, huku akiutenga uso wa Bath kuwa miongoni mwa kazi chache zilizosalimika. Jocelyn Toynbee, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1964, aliipa sanaa hiyo heshima ya kuchunguzwa kipande kwa kipande, ingawa bado kipimo chake kilitoka Roma.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka wa 2001 mwanaakiolojia Jane Webster alipendekeza kwamba majimbo ya Roma yasomwe kwa jicho la ukrioli, yaani namna watu waliotawaliwa wanavyojenga utamaduni mpya kutokana na vipande vya pande zote mbili. Wazo hilo alilichota katika utafiti kuhusu Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani na visiwa vya Karibi: vyungu vyao, chakula chao, ibada zao. Kwa maneno mengine, ili Uingereza ya kale ieleweke, ilibidi wasomi wajifunze kwanza kutoka kwa vyungu vya watumwa wa Kiafrika.

Kikaango cha ukutani

Juni 2003, watu waliokuwa wakipekua ardhi kwa vifaa vya kutambua madini huko Staffordshire walipata chombo kidogo cha shaba chenye kipenyo cha sentimita tisa hivi. Ni mfano wa kikaango kidogo, ingawa mpini na kitako vimepotea. Ni cha karne ya pili, na kati ya vitu vyote vilivyobaki kutoka jimbo hilo, hiki ndicho kinachokaribia zaidi sotet.

Mwili wake umezungukwa na magurudumu ya mistari iliyojipinda kwa mtindo wa Kikelti, iliyojazwa unga wa kioo cha rangi ulioyeyushwa juu ya shaba: buluu, nyekundu, manjano na kijani cha bahari. Ufundi huo ulisifika mbali. Mwandishi wa Kigiriki Philostratus, mwanzoni mwa karne ya tatu, alitaja kwamba washenzi wanaoishi kando ya bahari kuu humimina rangi juu ya shaba ya moto nazo zikawa ngumu kama jiwe. Aliwaita washenzi, lakini alitambua kuwa hilo walilimudu.

Chini kidogo ya ukingo wa chombo kuna maandishi ya Kilatini. Yanataja ngome nne za upande wa magharibi wa ukuta ambao Mfalme Hadrian aliamuru ujengwe kuanzia mwaka wa 122 kukata kaskazini mwa Uingereza, kutoka bahari hadi bahari. Yanataja pia ukuta wenyewe, na jina Draco, ambalo pengine ni la mtu aliyeagiza chombo hicho au aliyekimiliki, labda askari aliyemaliza utumishi wake na kutaka ukumbusho.

Basi maneno ni ya Roma, rangi ni ya mafundi wa kienyeji na mistari ni ya mababu waliokuwapo kabla ya Roma. Kitu cha ukumbusho wa himaya kimevaa nguo za waliotawaliwa. Ukimuuliza Draco kama chombo chake ni cha Kirumi au cha Kikelti, pengine asingeelewa swali.

Kuchanganyika huko hakukuishia kwa pande mbili. Huko South Shields, mashariki mwa ukuta huo, mwaka wa 1878 lilipatikana jiwe la kaburi la mwanamke aliyeitwa Regina, wa kabila la Wacatuvellauni wa kusini mwa Uingereza, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 30. Mumewe Barates, mtu wa Palmyra nchini Syria, aliandika sifa zake kwa Kilatini kisha akaongeza mstari wa lugha ya kwao. Mahali hapo hapo kuna kaburi la Victor, Mmoor wa kaskazini magharibi mwa Afrika, aliyekufa na miaka 20. Mawe yote mawili yamechongwa kwa namna inayokumbusha makaburi ya Palmyra.

Regina na Victor walikuwa watumwa walioachwa huru, na maandishi yanasema hivyo waziwazi. Hili halifai kupitwa. Sanaa hii ilizaliwa chini ya nguvu: uasi wa Malkia Boudica uliozimwa kwa damu mnamo mwaka wa 60 au 61, mashamba yaliyotwaliwa, watu waliouzwa. Vilevile shanga za samesame hazikuwa zawadi. Zililipia pembe za ndovu na mara nyingi zililipia watu, na uwanda ambako walowezi walilima ngano ulikuwa ardhi iliyochukuliwa. Kusema kwamba mama wa Keiyo alichagua rangi zake si kusema kwamba alichagua mtawala wake.

Lakini palipobaki nafasi ya kuchagua, alichagua, na ushahidi upo kwenye ngozi ya kifuniko.

Kadi na plastiki

Kikaango cha Staffordshire kilinunuliwa kwa pamoja na makumbusho matatu ya Uingereza, likiwemo la British Museum la London. Hakuna anayekiita nakala mbovu ya kikaango cha Kirumi wala anayelalamika kwamba Kilatini kimechafua usafi wa Kikelti. Ni hazina ya taifa.

Vibuyu vya Afrika Mashariki vilivyopelekwa Ulaya enzi za ukoloni viliingia katika rejista za namna nyingine. Kadi nyingi za wakati huo zina jina la kabila, kazi ya chombo na jina la afisa au mmisionari aliyekikusanya. Aliyeshona hayumo. Nyumbani, Makumbusho ya Kitale, yaliyokua kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Stoneham na kufunguliwa kama makumbusho ya kitaifa mwaka wa 1974, ni miongoni mwa mahali ambako mtu wa Eldoret anaweza kutazama vyombo vya jamii za eneo hilo bila kusafiri hadi Nairobi.

Nje ya kabati za vioo mambo hayajasimama. Mitungi ya plastiki ni mepesi, haivunjiki na huoshwa kwa dakika moja, na maziwa mengi yanayoitwa mursik madukani hayajawahi kuona kibuyu. Wakati huohuo sotet ya mapambo imekua badala ya kufa. Shanga, ambazo siku hizi hutoka Czech na China, zimeshuka kutoka kwenye kifuniko zikafunika mwili mzima. Zipo zilizoshonwa kwa rangi za bendera: nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Zipo zenye neno Kenya, na nyingine huagizwa zikiwa na majina ya bwana na bibi harusi.

Wapenda asili hukunja nyuso wanapoziona. Malalamiko yao yana haki kwa upande mmoja: kibuyu kilichofunikwa chote kwa shanga mara nyingi hakitiwi maziwa tena, na ujuzi wa makaa, ambao ndio nusu ya chombo, huachwa nje. Kibuyu kisichojua senetwet kimepungukiwa kitu ambacho rangi haiwezi kukirudisha. Lakini hilo ni lalamiko juu ya kazi ya chombo, na halihusiani na mahali shanga zilikotoka. Mama anayeshona herufi za Kilatini kwa shanga za Czech kuzunguka tunda la Kerio anafanya kazi ileile aliyofanya fundi wa kikaango, na anastahili kupimwa kwa maswali yaleyale: mistari yake imekaa sawa? Rangi zake zinazungumza? Kifuniko kinafunga?

Tofauti moja bado ipo kati ya vyombo hivyo viwili na majina yaliyo juu yake. Draco, pengine mwenye chombo, anajulikana baada ya miaka 1,800 na zaidi. Bwana na bibi harusi wa Kaptagat nao watajulikana kadiri uzi utakavyodumu. Jina la fundi halimo kwenye shaba wala kwenye shanga, ingawa kwa upande wa shanga mwenyewe yungali hai, na wanunuzi wengi huondoka bila kumuuliza.